Semina ya Utetezi wa Imani: Maswali Yanafaa, Kijitabu Kimetiwa Chumvi

Kanisa moja la hapa Dar es Salaam huendesha, kwa Jumamosi kadhaa mfululizo, semina ya kumwandaa Mkristo wa kawaida kuzungumza na mtu asiyeamini kuwa Mungu yupo. Nimeihudhuria hadi mwisho, na kwa kuwa vijana wa vyuo wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kulipiwa, nimeona niandike tathmini yenye maelezo ya kutosha. Ada haifiki shilingi elfu hamsini, na ndani yake mna chai ya saa nne, kijitabu cha mafunzo, na mkufunzi aliyesoma theolojia na anayejua anachokisema. Jibu fupi ni kwamba inafaa. Jibu refu linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo waandaaji wameyafunga pamoja: namna ya kuzungumza, ambayo inafundishwa vizuri sana, na hoja za kupeleka katika mazungumzo, ambazo katika kurasa kadhaa za kijitabu zimetiwa chumvi kiasi cha kumwaibisha atakayezitumia.

Watu wa rika langu wakisikia habari za kutetea imani hukumbuka mihadhara ya viwanjani ya miaka ya 1980 na 1990, pale wahubiri wa Kiislamu walipopanda jukwaani na Biblia mkononi, kwa mtindo aliokuwa ameupa umaarufu Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, na wahubiri wa Kikristo nao wakajibu kwa kushika Kurani, huku umati ukishangilia kila aya iliyopigiliwa. Sitawabeza waliokariri sura na aya kwa kiasi kile, lakini mshindi aliamuliwa na kelele za watazamaji. Isitoshe, pande zote mbili zilikubaliana kuwa Mungu yupo na kwamba alituma manabii. Asiyeamini hakubali hata hilo, kwa hiyo kumsomea aya ni kumpa ushahidi kutoka katika kitabu kilekile anachokitilia shaka. Mkufunzi alilieleza jambo hili kwa Matendo ya Mitume sura ya 17, ambako Paulo akiwa katika sinagogi la Thesalonike anahojiana na Wayahudi kwa Maandiko, lakini akifika Areopago mbele ya Waathene anaanzia kwenye madhabahu yao ya mungu asiyejulikana na kuwanukuu washairi wao wenyewe. Kanuni ya kwanza iliyoandikwa ubaoni ilikuwa kwamba mazungumzo yenye watazamaji yaahirishwe mpaka wabaki wawili.

Vipindi vya mwanzo vinahusu maswali, na hapa ndipo mshiriki anapopata thamani ya fedha yake. Mbinu yenyewe imeenezwa na Greg Koukl, mtetezi wa imani wa Marekani, aliyeipa jina la Columbo, yule mpelelezi wa televisheni aliyejifanya hajui kitu huku akiuliza. Maswali makuu ni mawili: unamaanisha nini unaposema hivyo, na umefikiaje hapo. La kwanza linamlazimu msemaji kueleza anachokikataa hasa, na la pili linamrudishia mzigo wa kuthibitisha pale anapotoa dai, badala ya Mkristo kujikuta anajitetea dhidi ya kila neno lililorushwa. Kwa maelezo haya mbinu inaonekana ndogo. Ugumu wake unajulikana pale washiriki wanapokaa wawili wawili, mmoja akiigiza asiyeamini, na mwenzake akiwa haruhusiwi kutamka sentensi yoyote isiyo swali mpaka mkufunzi apige kengele. Wachungaji waliokuwamo ndio walioshindwa haraka zaidi, kwa kuwa mtu aliyezoea mimbari huanza na swali na kumalizia na mahubiri bila kujua alivuka wapi.

Kuna swali la aina ya tatu, ambalo kijitabu kinalisifu kuliko nilivyolipenda mimi, yaani lile linaloulizwa ili kumwongoza mwenzako hatua kwa hatua mpaka ajipinge mwenyewe. Anayesema kwamba hakuna ukweli wowote anaulizwa kama hilo nalo ni kweli. Ni halali, na mara nyingine ni lazima, lakini mtu mwenye akili huuona mtego ukiwa bado mbali, na akishauona, yale maswali mawili mazuri ya mwanzo nayo hupoteza uaminifu wake.

Waandaaji walifanya jambo la kijasiri katika kipindi cha mwisho: walimwalika mtu asiyeamini kweli, si mwigizaji. Alikuwa kijana mhandisi wa mitambo ya simu, aliyelelewa kanisani na kupiga kinanda cha kwaya mpaka alipomaliza chuo, na aliyekuja kwa sharti kwamba asiombewe mwishoni. Nitamrejea mara kwa mara katika tathmini hii kwa sababu kila hoja ya kijitabu ilipitishwa kwake, na kipimo hicho ni bora kuliko maoni yangu.

Mshiriki wa kwanza alianza na hoja ya chanzo cha ulimwengu: kila kinachoanza kuwapo kina chanzo, ulimwengu ulianza kuwapo, kwa hiyo una chanzo. Kijitabu kinaipa hoja hii kurasa nyingi kuliko nyingine zote, na kinaileta kana kwamba ni mali ya Kanisa tangu kale. Ilikuzwa na wanatheolojia wa Kiislamu, akiwamo Imamu Al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111, na William Lane Craig wa Marekani ndiye aliyeihuisha upya mwaka 1979. Tomaso wa Akwino, mwanatheolojia Mkatoliki wa karne ya 13, ambaye kijitabu kinamtaja katika ukurasa uleule, alikataa kwamba akili inaweza kuthibitisha kuwa ulimwengu una mwanzo. Aliliamini jambo hilo kwa imani tu, na njia zake tano za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu hazilitegemei. Vilevile Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyependekeza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, hakupenda nadharia yake igeuzwe uthibitisho wa dini. Katika mji huu, ambamo msikilizaji wako anaweza kuwa na rafiki aliyesoma madrasa na anayemjua Al-Ghazali vizuri, kuyaficha haya si busara.

Mhandisi hakubishana na hoja hata kidogo. Alisema, “Sawa, nimekubali kuna chanzo. Hicho chanzo kinajali kama nimetoa fungu la kumi?” Ukumbi ulicheka, lakini swali lilikuwa zito, kwa maana lilionyesha kwamba kurasa zote zile zinamfikisha mtu kwenye chanzo kisicho na jina, na kutoka hapo mpaka kwa Yesu wa Nazareti kuna safari nyingine ambayo kijitabu hakikuiandaa.

Hoja ya pili ilikuwa fupi zaidi na ilianguka haraka zaidi. Inatoka katika shule ya Cornelius Van Til, Mholanzi aliyefundisha Philadelphia kuanzia mwaka 1929, na inasema kwamba hata anayemkana Mungu huitegemea mantiki na maadili ambayo yasingekuwapo bila Mungu, kwa hiyo anabishana akiwa amekopa mtaji kwa yule anayemkana. Van Til aliijenga kwa kina, na katika vitabu vya falsafa ina watetezi makini. Ikitamkwa kwa dakika mbili na kijana aliyeikariri, inasikika kama kumwambia mwenzako kwamba ameshindwa kabla hajafungua mdomo. Mhandisi alijibu kwamba jirani yake Mwislamu anaweza kumwambia maneno hayohayo bila kubadilisha hata moja, na aliyekuwa akiuliza hakuwa na la kuongeza.

Baada ya hapo aliinuka mama mmoja, mlezi wa vijana katika kanisa lake. Kijana alimwamkia shikamoo kabla hajaketi vizuri, naye hakuleta hoja yoyote. Aliuliza, “Mwanangu, unaposema huamini, ni nini hasa usichokiamini?” Jibu lilichukua muda mrefu kuliko mazungumzo yote yaliyotangulia, na lilikuwa tofauti na tulivyotarajia. Alisema hana ugomvi na wazo la Mungu muumba. Kinachomshinda ni habari ya mtu aliyekufa akafufuka, pamoja na kitabu anachoambiwa hakijabadilika hata herufi moja. Kwa swali moja mama yule alikuwa ametuondolea nusu ya kijitabu na kutuonyesha ukurasa wa kufungua.

Ukurasa huo ni wa ushahidi wa kihistoria, na ndio uliobeba matatizo makubwa zaidi. Mbinu inayofundishwa inajulikana kwa Gary Habermas, mtetezi wa imani wa Marekani: badala ya kumtaka asiyeamini akubali kwanza kuwa Biblia haina kosa, unachukua mambo machache ambayo hata wanahistoria wasio Wakristo huyakubali, kwamba Yesu alisulubiwa akafa, kwamba wanafunzi wake waliamini walimwona akiwa hai, kwamba Paulo mtesi wa Kanisa aligeuka, kisha unauliza ni maelezo gani yanayoyatosheleza yote. Barua ya kwanza kwa Wakorintho iliandikwa katikati ya miaka ya 50, na katika sura ya 15 Paulo ananukuu mapokeo aliyokuwa ameyapokea kabla ya hapo, yanayowataja Kefa (yaani Petro), Yakobo na wengine waliotokewa. Mhandisi alikiri kwamba hakujua kuwa ushahidi huo una umri mkubwa namna hiyo. Akauliza kama kaburi tupu nalo lina kibali sawa. Mshiriki akasema ndiyo, kwa sababu kijitabu kimeliweka katika orodha ileile, ilhali Habermas mwenyewe hulitenga, kwa kuwa halina makubaliano mapana kama yale mengine.

Kisha ikaja habari ya hati za kale. Mkufunzi alikuwa amekata karatasi ngumu yenye ukubwa wa kipande cha mafunjo cha Injili ya Yohana kilichohifadhiwa Manchester katika maktaba ya Rylands, karibu sentimita 9 kwa 6, na akakipitisha mkononi mwa kila mshiriki ili tuone jinsi maneno ya sura ya 18 yalivyobaki vipandevipande, upande mmoja Wayahudi wakizungumza na Pilato, upande wa pili Pilato akiuliza kweli ni nini. Sijaona kifaa cha kufundishia chepesi na kizuri kuliko hicho. Kwa bahati mbaya kijitabu kinaandika kwamba kipande hicho ni cha mwaka 125, bila kusita. Hakuna mwaka uliohifadhiwa juu yake; kilikadiriwa kwa mwandiko tu kilipochapishwa mwaka 1935, wataalamu wengi hukiweka mahali fulani katika karne ya pili, na wapo waliochapisha hoja kwamba huenda kikafika hata mwanzoni mwa karne ya tatu. Kijitabu kinasema pia kwamba kuna nakala 24,000 za Agano Jipya, pasipo kueleza kuwa hesabu hiyo inachanganya tafsiri za Kilatini na lugha nyingine, kwamba nakala za Kigiriki zilizoorodheshwa ni zaidi ya 5,000, na kwamba nyingi kati ya hizo ziliandikwa baada ya mwaka 800.

Mhandisi alitoa simu. Alimwomba aliyekuwa akimjibu amweleze kwa nini kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, pamoja na aya kumi na mbili za mwisho za Marko, havimo katika hati mbili kubwa za karne ya nne, ya Vatikani na ya Sinai. Mshiriki akafungua kijitabu, akakuta sentensi isemayo kwamba hakuna jambo lolote la maana lililowahi kuongezwa, akanyamaza. Jibu lipo, wala si gumu: tunazijua nyongeza hizo kwa sababu hati zimebaki nyingi na za mahali mbalimbali, na matoleo mengi ya Biblia huziwekea alama. Mkufunzi alilitoa vizuri sana, lakini lilikuja kama maungamo baada ya kukamatwa, wakati lingeweza kuja kama taarifa ya mtu asiye na la kuficha. Hali ni hiyohiyo kwa Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza. Kijitabu kimenukuu kifungu kizima cha kitabu cha 18 cha historia yake kinachosema kuwa Yesu ndiye Kristo, na wengi wa wanaolichunguza jambo hili wanaona mkono wa mnakili Mkristo katika maneno hayo. Shahidi dhidi ya kijitabu ni Mkristo na Mwafrika, Origen wa Aleksandria, aliyeandika katika karne ya tatu kwamba Josephus hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Na lisilosameheka ni kwamba hapakuwa na haja: kifungu kingine cha Josephus, katika kitabu cha 20, kinachomtaja Yakobo ndugu wa Yesu, hukubaliwa na wengi, na Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, karibu mwaka 116, anaandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Ushahidi wa kutosha ulikuwapo mezani, wakaongeza usiotosha.

Huyo Origen angestahili kipindi kizima. Celso, mpagani aliyeushambulia Ukristo katika karne ya pili, kitabu chake kilipotea, na tunayajua maneno yake kwa sababu Origen, alipomjibu karibu mwaka 248, alimnukuu kwa urefu, hoja baada ya hoja, bila kumpunguzia makali. Justin naye, mtetezi wa Ukristo aliyemtangulia, anatuachia mazungumzo yake na Myahudi Trifo yanayoisha kwa wawili hao kuagana kwa heshima, Trifo akiwa hajabatizwa. Kijitabu kinawataja wote wawili katika mstari mmoja.

Kuhusu mateso, mkufunzi alikuwa bora kuliko maandishi yake. Maandishi yanadai kwamba swali la kwa nini Mungu mwema huruhusu mateso lilikwisha kujibiwa na Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, mwaka 1974. Alichojibu Plantinga ni shtaka lililotolewa na mwanafalsafa J. L. Mackie mwaka 1955 kwamba kuwapo kwa Mungu mwema na kuwapo kwa uovu ni mambo yanayopingana kimantiki; alionyesha kuwa hayapingani ikiwa viumbe wamepewa hiari. Mhandisi, ambaye kwao ni Kagera, alisema hiari inaelezea kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996, kwa maana meli ilijazwa kupita kiasi na watu walioamua kuijaza, lakini haielezi tetemeko la Septemba 2016 lililowaangushia watu nyumba mkoani kwao. Plantinga aliliona pengo hilo na akasema kwamba maafa ya asili yanaweza kutokana na hiari ya viumbe wa kiroho walioasi, jambo linalotosha mahali panapotakiwa uwezekano tu. Mkufunzi hakulikimbilia. Alisema hoja hiyo inazuia shtaka la kujipinga na haizidi hapo, kwamba wapo wanafalsafa walioendelea kuuliza kama wingi wa mateso haupunguzi uwezekano wa Mungu kuwapo, na kwamba yeye mwenyewe huamini akiwa na swali hilo mkononi. Mhandisi aliandika kitu katika daftari lake kwa mara ya kwanza siku ile.

Kipindi cha pingamizi kwamba Ukristo ni dini ya wazungu kilipewa muda mdogo mno, ingawa kwa uzoefu wangu ndilo pingamizi linalosikika zaidi vijiweni na mabwenini. Kijitabu kinajibu kwa mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, aliyeupokea Ukristo katika karne ya nne, kwa falme za Nubia katika karne ya sita, na kwa Agostino aliyezaliwa mwaka 354 katika Algeria ya leo. Yote ni kweli, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeuleta Ukristo Tanganyika. Anayeuliza anataka kujua kuhusu misheni iliyojengwa kijijini kwa babu yake. Hapo kuna historia ya kusemwa pande zote: misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868, kabla Wajerumani hawajatawala, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa watumwa waliokombolewa, lakini walipokuja watawala, misheni nyingi zilisimama karibu nao kiasi kwamba katika vita vya Maji Maji wapiganaji waliwaona wamisionari kuwa sehemu ya serikali, na Askofu Cassian Spiss akauawa mwaka 1905. Mtetezi anayeleta Aksum na kuruka Maji Maji atakuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Kwa upande wa huduma, ukumbi una hewa na vipaza sauti vinavyosikika, vipindi huanza kwa kuchelewa kama ilivyo desturi yetu, na chai ni ya kuridhisha. Kundi ni dogo kiasi kwamba kila mtu hupata zamu ya mazoezi, na hilo peke yake linaipa semina hii faida juu ya makongamano makubwa ambayo mtu hukaa siku nzima akisikiliza. Ningependa kumwona mwanamke miongoni mwa wakufunzi, hasa baada ya kuona nani aliyeuliza swali bora, na ningependa mgeni asiyeamini aletwe mapema, siyo mwishoni, ili washiriki wajue tangu mwanzo wanajiandaa kwa ajili ya nani.

Mkufunzi alituambia kwamba kijitabu kitachapwa upya kabla ya kundi lijalo, na nimemkabidhi orodha ya marekebisho ya kurasa za hati za kale, Josephus na kaburi tupu. Atakayejiandikisha na kupewa toleo la sasa alipe bila wasiwasi, afanye mazoezi ya maswali kwa bidii yote, na kurasa hizo azisome akiwa na kalamu nyekundu.